Mwenye Kalamu ni Mmoja

Wajerumani walipoanza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, walitandika njia moja tu. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapita Manyoni na kukata vichaka vya Itigi, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Sisi wa Singida tunaijua zaidi kwa tawi lake, lile linalotoka Manyoni hadi mjini kwetu. Nalo ni la njia moja. Maana yake ni rahisi: treni mbili zinazokuja uso kwa uso haziwezi kupishana popote ila stesheni. Kati ya stesheni na stesheni lazima moja iwe peke yake, na lazima pande zote mbili zikubaliane ni ipi.

Tatizo hili la reli ndilo ninalolifuata katika insha hii. Liliondoka kwenye mataruma likaingia kwenye kompyuta, na leo linakaa ndani ya faili la programu ambalo wengi wetu hatujawahi kulisikia, ingawa hesabu za zahanati zetu hupita humo kila mwezi. Faili hilo linaitwa bufmgr.c. Ni sehemu ya PostgreSQL, mojawapo ya kanzidata zinazotumika sana duniani. Nimelisoma kwa ajili ya masomo yangu ya uzamili, na kadiri nilivyolisoma ndivyo nilivyoona kwamba ni faili lenye historia, na kwamba historia hiyo inatuhusu.

Reli zilijifunza kwa damu. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1874, huko Thorpe karibu na Norwich, Uingereza, treni mbili ziligongana uso kwa uso kwenye njia moja. Watu 25 walikufa. Breki hazikuwa na kasoro, na dereva hakuwa mlevi. Kosa lilianzia kwenye simu ya maandishi: ujumbe wa kuruhusu treni ipite ulitumwa kabla ya ofisa wa zamu kuutia saini, na wakati huohuo treni nyingine ilikwisha kuruhusiwa kuondoka upande wa pili. Kila ofisa aliona sehemu yake ya ukweli. Kati ya kutazama na kutenda palikuwa na mwanya, na ndani ya mwanya huo dunia ilibadilika.

Miaka minne baadaye, mwaka 1878, Edward Tyer alipata hataza ya chombo kilichoziba mwanya huo. Kila stesheni iliwekewa mashine, na mashine hizo ziliunganishwa kwa waya. Ndani yake mlikuwa na visahani vya chuma. Kisahani kimoja kikishatolewa upande wowote, mashine zote mbili zilijifunga, na hakuna kingine kilichoweza kutoka mpaka kile cha kwanza kirudishwe. Dereva asiye na kisahani mkononi haondoki. Hapakuwa tena na hatua mbili, ya kuangalia kama njia iko wazi na ya kuichukua. Kuangalia na kuchukua kulikuwa kitendo kimoja kisichogawanyika.

*

Neno la kitendo kama hicho kwenye kompyuta ni atomiki. Limetoka kwa Wayunani wa kale, kwa maana ya kisichoweza kukatwa. Wanafizikia walikuja kuikata atomu, lakini wanakompyuta wamebaki na maana ya mwanzo. Kitendo cha atomiki ama kimefanyika chote au hakijafanyika kabisa, na hakuna anayeweza kuchungulia akakikuta katikati.

Aliyeyahamisha mambo ya reli kwenda kwenye kompyuta ni Mholanzi Edsger Dijkstra. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa Eindhoven, alikuwa akitafuta namna ya kuzifanya programu kadhaa zitumie kompyuta moja bila kuharibiana kazi. Alibuni namba ya pekee inayoguswa kwa vitendo viwili tu, na namba hiyo akaiita semafori, jina la mlingoti wa ishara wa reli. Vitendo vyenyewe aliviita P na V, herufi za mwanzo za maneno ya Kiholanzi ya kupita na kuachilia. Wanafunzi wa leo hukariri P na V bila kuambiwa kwamba wanakariri lugha ya stesheni.

Wazo lilihitaji chuma cha kulibeba. Kompyuta za kale zilikuwa na amri ya aina moja, nitakayoiita pima-na-weka: angalia kama alama ipo, na hapohapo iweke, bila mtu kuingia katikati. Hiyo inatosha kutengenezea kufuli. Mtu anakuja, anapima, akikuta hakuna alama anaiweka na kuingia, akiikuta anasubiri. Kwenye kompyuta za IBM za System/370, zilizotangazwa mwaka 1970, ikaja amri yenye nguvu zaidi: linganisha-kisha-badilisha. Unaiambia kompyuta, "Nilipoitazama namba hii mara ya mwisho ilikuwa 40. Kama bado ni 40, ifanye 41. Kama si 40, usiiguse, niambie nianze upya." Lynn Wheeler, aliyekuwa IBM enzi hizo, husimulia kwamba jina la Kiingereza la amri hiyo lilitafutwa makusudi ili herufi zake za mwanzo zilingane na zile za jina la mwenzao Charlie, aliyeibuni.

Tofauti ya amri hizi mbili ilipata uthibitisho wa hisabati mwaka 1991, katika makala ya Maurice Herlihy. Alionyesha kwamba pima-na-weka peke yake ina uwezo wa kuwapatanisha wawili tu, pale ambapo hatutaki yeyote amsubiri mwenzake. Linganisha-kisha-badilisha inaweza kuwapatanisha watu wa idadi yoyote. Sijui matokeo mengi ya hisabati yanayofanana hivi na jambo la kijamii. Kuna makubaliano yanayowafaa wawili ambayo hayawezi kunyooshwa yakafaa kijiji.

*

Sasa nieleze kinacholindwa. Kanzidata huweka taarifa zake kwenye diski, na diski ni ya polepole. Kwa hiyo huchukua sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta na kuifanya kama meza ya kusomea. Ukurasa unaohitajika huletwa kutoka diskini, ukawekwa mezani, na wote wanaouhitaji wausomee hapo. Kila nafasi ya meza hiyo huitwa bafa. PostgreSQL ikisakinishwa bila kubadilishwa chochote, mara nyingi huanza na meza ya megabaiti 128, na kila ukurasa una kilobaiti 8, yaani bafa 16,384. Ikijaa, ukurasa mmoja lazima urudishwe ili mwingine upate nafasi.

Ni upi urudishwe? Jibu la swali hili limebadilika mara kadhaa. Toleo la 8.0, lililotoka Januari 2005, lilitumia mbinu iitwayo ARC, iliyochapishwa mwaka 2003 na Nimrod Megiddo na Dharmendra Modha wa IBM. Kumbe IBM ilikuwa imeiombea hataza. Waandishi wa PostgreSQL hawakutaka mradi wao wa wazi ukae juu ya mali ya mtu. Ndani ya miezi michache, katika toleo la 8.0.2, waliiondoa, na kufikia Novemba mwaka huohuo, katika toleo la 8.1, walirudi kwenye mbinu ya kizamani iliyoelezwa na Fernando Corbató wa Multics mwishoni mwa miaka ya 1960: saa.

Saa yenyewe ni hivi. Bafa zimepangwa kama kwenye duara, na mshale unazunguka. Kila bafa ina namba ya matumizi, inayopanda kila ukurasa wake unapotumiwa, mwisho 5. Mshale ukipita, hupunguza moja. Ukikuta bafa ambayo namba yake imefika 0, na ambayo hakuna anayeisoma wakati huo, ukurasa wake unaondolewa. Masikini anayetembelewa mara kwa mara hubaki mezani, na tajiri aliyesahaulika hutoka.

Tazama maneno "ambayo hakuna anayeisoma". Kila anayeanza kuusoma ukurasa lazima aongeze moja kwenye namba ya wasomaji wa bafa hiyo, na akimaliza apunguze moja. Tuseme namba ni 40. Msomaji wa kwanza anaona 40. Wa pili naye, wakati uleule, anaona 40. Wa kwanza anaandika 41. Wa pili anaandika 41. Wameingia wawili, kitabu kinasema ameongezeka mmoja. Baadaye wasomaji wote wakiondoka isipokuwa mmoja, namba itasoma 0, na mshale wa saa utauondoa ukurasa huku mtu bado ameuinamia. Ukurasa mwingine utawekwa mahali pale. Msomaji ataendelea kusoma mstari wa katikati wa habari za mtu mwingine, au, vibaya zaidi, ataandika humo. Hakuna taa nyekundu itakayowaka. Hii ni Thorpe, ila hakuna mlio wa chuma.

*

Kwa miaka mingi PostgreSQL ilizuia hilo kwa kufuli. Kila bafa ilikuwa na kufuli lake dogo, la aina ambayo anayelikuta limefungwa huzunguka palepale akiuliza, "Bado? Bado?" mpaka lifunguliwe. Unafunga, unaongeza moja, unafungua. Ilitosha, maana kompyuta nyingi zilikuwa na kichakataji kimoja au viwili, na aliyeshika kufuli alilishika kwa muda mfupi mno.

Kisha, katikati ya miaka ya 2000, kasi ya vichakataji ikagota. Joto lilikuwa limezidi. Watengenezaji waliacha kukimbiza kichakataji kimoja, wakaanza kuweka vingi ndani ya kipande kimoja: viwili, vinne, kisha makumi. Kufuli lililowatosha wawili likawa foleni. Tatizo lilikuwa kubwa hasa kwa zile kurasa ambazo kila mtu huanzia, kama mzizi wa faharasa. Maelfu ya maswali kwa sekunde yalipita kwenye bafa ileile, kila moja likifunga na kufungua. Na ikiwa mfumo wa kompyuta umemsimamisha aliyeshika kufuli ili kumpa mwingine zamu, wote waliobaki walizunguka bure hadi arudi. Walinunua vichakataji vingi, vikawa vinasubiriana.

Mwezi Septemba 2014, Andres Freund aliingiza kwenye msimbo wa PostgreSQL seti ya fanksheni za kugusia namba kwa njia ya atomiki: moja ya kusoma, moja ya kuandika, moja ya kuongeza, moja ya linganisha-kisha-badilisha, na kadhalika. Lugha ya C ilikuwa imepata fanksheni zake za namna hiyo katika kanuni za mwaka 2011, lakini PostgreSQL ilikuwa bado inafuata kanuni za mwaka 1989 ili ikubalike kwenye kompyuta nyingi, kwa hiyo ilijitengenezea zake. Katika toleo la 9.5, la Januari 2016, mshale wa saa ukawa wa atomiki. Katika toleo la 9.6, la Septemba 2016, kazi ya Alexander Korotkov na Freund ikagusa bafa zenyewe.

Walichofanya nakipenda kwa udogo wake. Walichukua namba moja ya biti 32 wakaigawa: biti 18 za idadi ya wasomaji, biti 4 za matumizi, biti 10 za alama mbalimbali. Biti 18 zinatosha kuhesabu hadi 262,143, na PostgreSQL hairuhusu miunganisho zaidi ya hiyo. Kwa kuwa mambo yote matatu yamo ndani ya namba moja, yanabadilishwa kwa linganisha-kisha-badilisha moja. Msomaji huitazama namba, huandaa namba mpya, hujaribu. Mwenzake akiwa amemtangulia, haanzi kugombana, anatazama upya na kujaribu tena. Kufuli halikufa kabisa. Moja ya zile alama 10 ndilo kufuli lenyewe, kwa kazi chache zinazolihitaji. Lakini kuingia na kutoka kwa kawaida hakulihitaji tena.

*

Nilipokuwa nayasoma haya nilimtembelea muuguzi mmoja katika zahanati ya wilaya ya Ikungi. Nilitaka kuona vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ulioanza kutumika nchini miaka ya 1990. Nilimwamkia, akanikaribisha, akafunua rejesta. Nikamuuliza inakuwaje wahudumu wawili wanapotaka kuandika kwa pamoja.

"Hawawezi, mwanangu," alisema. "Kitabu ni kimoja. Mwenye kalamu ni mmoja."

"Na siku ya kliniki, shangazi, akinamama wakiwa wengi?"

Akacheka. "Siku hiyo kila mtu ana karatasi yake ya kupigia vijiti. Jioni tunakaa, tunajumlisha, namba moja ndiyo inaingia kitabuni."

Alikuwa amenieleza sura mbili za bufmgr.c bila kuliona. Kalamu moja ni kufuli. Karatasi za vijiti nazo zimo: kila mchakato wa PostgreSQL huweka hesabu yake binafsi ya bafa unazozishikilia, na hata ukiushika ukurasa uleule mara kumi, namba ya wote huiongeza mara moja tu. Kilicho bora, hapa na kule, ni kupunguza idadi ya safari za kwenda kwenye kitabu cha wote. Sidhani kwamba zahanati iliiga Berkeley, wala Berkeley haikuiga zahanati. Watu wanaogawana kitu kimoja hufika kwenye majibu yaleyale machache.

Namba za vitabu vile hupelekwa wilayani na kuingizwa kwenye DHIS2. Mfumo huo ni wa wazi, unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, baada ya ubaguzi wa rangi, walipohitaji kujenga upya taarifa za afya za nchi iliyokuwa imegawanywa vipandevipande. Tanzania iliuchukua na kuueneza nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2010, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa mshiriki mkubwa katika kuuendeleza. DHIS2 hukaa juu ya PostgreSQL. Mtoto aliyechanjwa Ikungi au Mkalama, akishakuwa kijiti, kisha jumla, hufikia mwisho wa safari yake kwenye ukurasa wa kilobaiti 8, na ukurasa huo hukaa kwenye bafa ambayo usalama wake unategemea zile biti 18.

Mkoa wetu unahesabiwa kwa haraka zaidi kuliko zamani, na una wengi zaidi wa kuhesabu. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta Singida ina watu 1,370,637. Ile ya mwaka 2022 ilikuta 2,008,058, ongezeko la 637,421 ndani ya miaka kumi. Hizo si namba za kupamba ripoti. Chanjo hupangwa kwa namba, wakunga hupangwa kwa namba, na kijiji ambacho namba yake imepotea njiani hakina namna ya kujua kwamba imepotea. Hakitaona kosa. Kitaona tu kwamba dawa hazikutosha.

*

Kuna kipande cha historia hii ambacho watu hukiruka, nacho ndicho kilichonifunza zaidi.

Namba ya atomiki katika msimbo wa PostgreSQL imefungwa ndani ya kifuko chenye kitu kimoja tu, namba yenyewe. Kifuko hicho kinamzuia mtu asiiongeze moja kama anavyoongeza namba ya kawaida. Ila hakina kufuli. Mwandishi wa msimbo akitaka, anaweza kuingiza mkono na kuichukua namba moja kwa moja, na kompyuta haitamkatalia. Programu itajengwa, majaribio yatapita, na siku nyingi itafanya kazi. Kinacholinda ni ada tu: sote tunapita mlangoni, yaani kwenye zile fanksheni. Anayepita dirishani si lazima aharibu kitu leo. Anaharibu maana ya mlango.

Oktoba 2016, muda mfupi tu baada ya toleo la 9.6 kutoka, Freund alirekebisha kasoro ya aina hiyo. Wakati huo PostgreSQL ilikuwa bado inazikubali kompyuta zisizo na amri za atomiki. Kwenye hizo, fanksheni ziliigiza uatomiki kwa kutumia kufuli: funga, soma, linganisha, andika, fungua. Lakini fanksheni ya kuandika tu haikuwa inafunga. Iliandika moja kwa moja. Kwa hiyo ingeweza kuingia katikati, wakati mwingine ameshalinganisha lakini hajaandika, na maandishi yake yangefunikwa yakapotea. Kila mtu alikuwa ameshika ada isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alitosha. Marekebisho yalimfanya naye afunge.

Wakati huohuo iliongezwa fanksheni ya pili ya kuandika, yenye jina refu linalotangaza waziwazi kwamba haifungi chochote. Hii ilikuwa kwa ajili ya mahali ambapo hakuna mwenzako, kwa mfano bafa za majedwali ya muda, ambazo ni za mchakato mmoja tu na wengine hawazioni. Mtu anaweza kuuliza kwa nini ajisumbue na fanksheni mahali ambapo yuko peke yake. Si angeigusa tu namba? Jibu ni kwamba jina la fanksheni ni ushahidi. Atakayesoma msimbo miaka kumi baadaye ataona kwamba aliyeandika alijua, alifikiri, na akaamua kwamba hapa hakuna haja ya kufunga. Namba iliyoguswa kimyakimya haisemi kama mwenzetu aliamua au alisahau.

Toleo la 18, lililotoka Septemba 2025, limeondoa kabisa njia ya kuigiza. Kompyuta isiyo na atomiki za kweli za biti 32 haipokelewi tena. Kilichokuwa ombi mwaka 2014 kimekuwa sharti.

*

Historia ya kompyuta huandikwa mara nyingi kama historia ya mashujaa na kampuni, na sisi wa mikoani tunaipokea kama tunavyopokea mvua, kitu kinachotoka mahali pengine. Ukiifuata kwa karibu unakuta picha tofauti. PostgreSQL ilianza Berkeley mwaka 1986 kama mradi wa Michael Stonebraker, lakini waliouokoa usife na kuupa lugha ya SQL mwaka 1994 walikuwa wanafunzi wawili wa uzamili na uzamivu, Andrew Yu na Jolly Chen. Mwaka 1996 ulipewa jina la sasa na kuachwa mikononi mwa watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa hawajawahi kuonana. Faili la bufmgr.c liko wazi. Halihitaji pasipoti wala ada. Anayelisoma akiwa Singida analiona lilelile linaloonwa na aliye San Francisco, na maelezo ya waandishi yamo humohumo, mstari kwa mstari, yakieleza kwa nini.

Lakini wazi si sawa na letu. Nchi imeweka hesabu za watoto wake juu ya makubaliano ambayo wengi wetu hatukuwapo yalipofanywa na hatujui yanasemaje. Sidai kila mtu asome C. Ninachodai ni kwamba wawepo wa kutosha, wanaoweza kufungua sakafu na kusema kilicho chini yake ni kipi, na kusema kwa Kiswahili, ili mjadala usiishie kwa wataalamu wawili ofisini. Herlihy alithibitisha kwamba kuna zana inayowafaa wawili tu. Maarifa yaliyofungiwa kwenye lugha ya wachache ni zana ya namna hiyo.

Na kuna mpaka ambao atomiki haiuvuki. Zile biti 32 zinahakikisha kwamba namba iliyofika haitapotea kwenye meza ya kanzidata. Hazijui kama namba hiyo ilikuwa kweli. Kijiti ambacho hakikupigwa kwa sababu mhudumu alikuwa peke yake na foleni ndefu hakitarudishwa na kichakataji chochote. Usalama wa hesabu una hatua nyingi, na hatua ya mashine ni ya mwisho. Wale walioandika bufmgr.c wametimiza upande wao kwa uangalifu wa miaka mingi. Upande uliobaki uko kwenye zahanati, kwa watu wenye kalamu, na haujapata nusu ya uangalifu huo.